Sura ya Sita: Joto Ndilo Linalopanga Meza

Anayefika Maskati mwezi wa Julai, saa nane mchana, atadhani mji umehamwa. Maduka ya Ruwi yamefungwa, barabara za Al Khuwair hazina mpita njia, paka wamejibanza chini ya magari, na unyevu wa baharini unaligandisha shati mgongoni kabla hujafika kituo cha basi. Mtu huyohuyo akitoka tena saa nne za usiku atakuta mji mwingine. Watoto wanapiga mpira chini ya taa, kina mama wametandika mikeka ufukweni Azaiba na Seeb, moshi wa mishkaki unafuka kandokando ya barabara, na magari yamejipanga mbele ya mgahawa wa chai yakisubiri vikombe.

Wenzetu wengi wanaokuja kufanya kazi Omani, wawe walinzi, wauguzi, walimu, madereva au kina dada wa kazi za ndani, huishi huku kwa kuhesabu miezi iliyobaki kwenye mkataba. Wanakula wali wa kambini, siku ya mapumziko wanalala au wanazunguka kwenye jumba la maduka lenye kiyoyozi, na mkataba ukiisha wanarudi nyumbani na sanduku la manukato bila kujua tende mbichi ina ladha gani. Nimeandika sura hii ili kuwashawishi wasifanye hivyo. Fedha zinazohitajika ni kidogo. Kinachohitajika ni kujua msimu, maana huku joto ndilo linaloamua nini kiko sokoni, watu wanakula saa ngapi na wikiendi wanakimbilia wapi. Wikiendi yenyewe, kwa ambaye bado hajaambiwa, ni Ijumaa na Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013.

Anza na mgahawa wa chai. Kila mtaa unao, mara nyingi jirani na kituo cha mafuta au msikiti, na mingi inaendeshwa na watu wa Kerala, kusini mwa India. Waomani hawashuki garini. Mtu anasimamisha gari mlangoni, anapiga honi mara moja, kijana anatoka, anasikiliza oda za magari manne kwa mpigo bila kuandika kitu, na hakosei. Wewe usiye na gari simama dirishani, sema "karak", toa baisa 100 au 150 (rial moja ina baisa 1000), utapewa kikombe cha karatasi cha chai ya maziwa ya kopo iliyochemshwa na iliki mpaka ikawa nzito na nyekundu. Sukari wanatia wao. Kama hutaki nyingi, sema mapema, vinginevyo utakunywa sharubati.

Pamoja na chai agiza porota. Simama umwangalie mpishi: donge la unga analipigapiga kwenye meza yenye mafuta mpaka linakuwa jepesi kama shashi, analikusanya kwa vidole likawa mkunjo mrefu, analizungusha, analibonyeza, linaingia kwenye chuma. Zikishaiva, anazipanga tano sita moja juu ya nyingine na kuzipiga kwa viganja kutoka pembeni ili tabaka ziachane. Mtu aliyekulia Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa. Ni chapati ya kusukuma, ila imepitia mlango mwingine wa Bahari ya Hindi. Vijana wa Kiomani huitaka ikiwa imepakwa jibini laini, ikanyunyiziwa pilipili ya chupa na kujazwa krispi za Chips Oman zilizopondwapondwa. Mwomani aliyesoma ng'ambo atakutajia mkate huo kwa hamu kubwa. Mimi naona umesifiwa kupita kiasi, na porota tupu na mchuzi wa dengu inaushinda, lakini ule mara moja ili uwe na la kusema.

Kwa mchana, nenda Ruwi au Hamriya kwenye migahawa ya wafanyakazi wa Kihindi. Unaketi, unawekewa sinia la chuma lenye wali, mchuzi wa mboga wenye ukwaju, kabichi, achari na kipande cha samaki wa kukaanga, na wali unaongezwa mpaka ukatae. Shibe hiyo haizidi sana rial moja. Usifike saa saba kamili kuanzia Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, na mafundi wote wa ujenzi wanakuwa wameingia kivulini kula. Ramadhani ni habari nyingine kabisa. Mchana milango imefungwa, na kula au kunywa hadharani ni kosa kisheria hata kwa asiye Mwislamu, maji ya chupa barabarani yakiwemo.

Sasa chakula cha kwetu. Kipo, tena kipo kwa wingi, ila mara nyingi hakina bango. Ili ukipate lazima ujue kwa nini kipo. Sultan Said bin Sultan aliuhamishia Unguja utawala wake katika karne ya 19, na watu wa bara la Omani, hasa wa mkoa wa Sharqiya, wakamfuata yeye na biashara: Unguja na Pemba, mrima, Tabora, hadi Bujumbura na Kongo. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwezi Julai 1970 aliwaita Waomani wa nje warudi kujenga. Walirudi wakiwa wamesoma, wakiongea Kiswahili na Kiingereza, na wengine Kifaransa, Kiarabu chao kikiwa cha kubabaisha. Walirudi pia na mbuzi zao za kukunia nazi. Ndiyo maana leo, ukiwa Al Khuwair, Al Khoud au Mabela, unaweza kusikia nyuma yako kwenye foleni ya duka mama wa Kiomani akimkaripia mjukuu kwa Kiswahili safi cha Ng'ambo ya Unguja.

Chakula cha kina mama hao kinapikwa nyumbani na kuuzwa kwa oda ya WhatsApp au kwenye meza ndogo wakati wa Ramadhani: sambusa, kachori, bajia, vitumbua, mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, urojo. Ipo migahawa rasmi ya Kizanzibari pia, lakini ninaowaamini ni wale wa mezani. Namba zao hazipatikani kwa kutafuta. Zinapatikana kwa salamu. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtu wa wapi wewe?"

"Natoka Tanga."

"Tanga mjini au Pangani?"

"Pangani, bibi."

"Ala! Pangani nina watu wangu miye. Wewe mwana wa nani?"

Hapo usiharakishe. Taja babu, taja mtaa, taja msikiti. Hata ukoo usipolingana utaondoka na kachori mbili juu ya ulizolipia, namba ya simu, na pengine mwaliko wa Ijumaa. Usimwite "madam", na usianze kwa kuuliza bei. Na usidhani kila anayeongea Kiswahili ni Mzanzibari: kuna waliozaliwa Bujumbura na Kigali, Kiswahili chao kina lafudhi ya maziwani, na kwao utakula maharage na ndizi badala ya urojo. Nikiambiwa nichague kimoja katika vyote, nachukua mkate wa kumimina. Mandazi ya Maskati, kwa ulimi wangu, yamezidishwa iliki.

Kwa dada anayefanya kazi za ndani mambo haya ni magumu zaidi, sitaki kuyapamba. Mwenye nyumba ndiye mwenye siku zako. Lakini nyumba ambayo bibi yake anaongea Kiswahili mara nyingi ina jiko linaloongea Kiswahili, na mwenye kujua kupika pweza wa nazi hupewa nafasi ya kusema neno. Wapo waliopata ruhusa yao ya kwanza ya kutoka kwa kuombwa waende sokoni kuchagua muhogo.

Chakula cha Kiomani chenyewe hakiko mikahawani kwa kiwango kinachostahili. Kiko majumbani, na mlango wake ni Idi. Shuwa ndiyo mfalme. Nyama ya mbuzi au ng'ombe inapakwa kitunguu saumu, pilipili, bizari, giligilani, iliki, karafuu na siki, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inatiwa kwenye kikapu cha makuti na kushushwa kwenye shimo la makaa ambalo mtaa mzima unalitumia. Kila nyumba inatia alama kwenye kikapu chake, shimo linafunikwa na kuzibwa kwa udongo, na nyama inakaa chini siku nzima, wakati mwingine mbili. Ikitoka haihitaji kisu. Kabla ya hapo kuna arsia, wali na nyama vilivyopondwa pamoja mpaka vikawa uji mzito, unaoliwa na samli, na kuna siku ya mishkaki ambayo kila baraza lina jiko lake. Mpangilio wa siku hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Ukialikwa, utakula kwa mkono wa kulia kwenye sinia moja na wenzako, utaletewa halua na kahawa chungu, na kikombe kitajazwa na kujazwa tena mpaka ukitikise kidogo kwa vidole. Usipokitikisa watakunywesha hadi usiku wa manane.

Ya samaki nayapita haraka kwa sababu mtu wa pwani atajiongoza mwenyewe. Soko la samaki la Muttrah lipo ukingoni mwa bandari, jengo jipya lililofunguliwa 2017. Nenda alfajiri. Jambo moja tu la msimu: nguru haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, apate kuzaliana. Miezi hiyo kula jodari. Papa mkavu yupo mwaka mzima, na harufu yake itakuonyesha duka.

Tukija kwenye matunda, kalenda inakuwa ya lazima. Duka kubwa litakuuzia chochote wakati wowote. Parachichi za Kenya zimejaa Ghuba nzima. Matunda ya nchi yenyewe, hata hivyo, yanakuja kwa wiki chache yakapita, na huwezi kuyalazimisha.

Tende mbichi ndizo za kwanza. Wengi wetu tunaijua tende ile kavu ya kopo au pakiti inayokuja Ramadhani, na tunadhani tende ndiyo hiyo. Huku mtende una hatua zake. Tunda likiwa limekwisha kukua, la njano au jekundu, gumu, linaliwa hivyohivyo na linakwaruza ulimi kidogo. Likianza kulainika linaitwa rutab, na likikauka mtini ndiyo tende tuliyoizoea. Rutab ya kwanza, aina ya Naghal, inatokea mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na mwanzoni bei yake inachekesha, kwa sababu matajiri wanashindana kuwa wa kwanza kuipeleka sahani ofisini. Subiri. Zinafuata Khunaizi na Khalas, bei inashuka kila wiki, na Julai tende zinauzwa kwenye ndoo kando ya barabara.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua ile ambayo imeiva nusu. Tende huanza kulainika kutoka ncha, kwa hiyo kuna siku chache ambapo upande wa kikonyo bado ni wa njano na mkavu, na upande wa pili umegeuka kahawia na kuvimba asali, ngozi ikiwa nyembamba kiasi cha kuchanika ukiibana. Ing'ate kwa urefu ili meno yapate pande zote mbili kwa pamoja. Nusu ya kwanza inakatika kama muwa, ya pili inayeyuka. Kesho yake tende hiyohiyo itakuwa imelainika yote, tamu sana, ila ule mgongano umekwisha. Waomani wanazigandisha kwenye friji kwa ajili ya Ramadhani, nawe fanya hivyo, kilo mbili tatu za Khalas hazitakufilisi.

Mwezi huohuo wa Julai, ukiwa na rafiki mwenye shamba Sharqiya, muombe akupeleke kuona tende za aina ya Mabsali zikichemshwa. Zinakatwa zikiwa bado ngumu, zinatiwa kwenye masufuria makubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, kisha zinaanikwa juani uwanjani mpaka ziwe kama mbao. Soko lake kubwa ni India. Kuikabili kazi hiyo, moto chini na jua juu, kunakufanya uiheshimu tende.

Kuna tunda jingine la kiangazi ambalo litamchekesha mtu wa Zanzibar, Lamu au Bagamoyo: kungu. Kwetu kungu ni tunda la watoto. Linaokotwa chini ya mti, linatafunwa nyamanyama yake ya juu, halafu kokwa inapondwa kwa jiwe kutafuta lozi iliyomo ndani. Hakuna mtu mzima anayelinunua. Katika nyanda za Batinah, pwani ya kaskazini mwa Maskati, mkungu ni mti wa shamba unaopandwa na kumwagiliwa, na matunda yake, mekundu kwa manjano na makubwa kuliko ya kwetu, yanauzwa kwenye vikapu pamoja na rutab. Wanayaita bidam. Mzee atakuchagulia moja moja kwa heshima kana kwamba anachagua pea. Nunua, yana ukakasi mtamu unaokata ule utamu wa tende.

Maembe ya nchi, ya Quriyat na Sharqiya, yanaiva karibu na wakati huohuo, madogo na yenye nyuzi, ya kunyonya. Kwa kukata vipande utanunua ya Pakistani, Juni na Julai. Ndimu zipo, ila mashamba yake ni kivuli cha yalivyokuwa. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa unaofanya matawi yachipue kama ufagio umeua mindimu mingi sana. Zinazokaushwa mpaka zikawa nyeusi tia mbili kwenye mchuzi wa samaki, kisha ndipo ulalamikie bei. Agosti ikikaribia kwisha, komamanga za Jabal Akhdar zinashuka kutoka mlimani na kuendelea hadi Oktoba. Na baridi ikiingia, Januari hadi Machi, tafuta kunazi. Mkunazi huku haupandwi makaburini tu. Tunda lake linauzwa kwa kipimo, na asali ya nyuki waliokula maua yake ni ya ghali sana. Ukiuziwa kwa bei nafuu, hiyo si yenyewe.

Soko kuu la jumla la matunda na mboga, lililokuwa Mawaleh, lilihamishiwa Khazaen, Barka, mwaka 2024, mbali kidogo kwa asiye na gari. Changeni nauli watu watatu wanne, mnunue kwa sanduku, mgawane.

Safari nazo ni vivyo hivyo. Mwaka wa Omani una nusu mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, nchi nzima iko wazi na watu wanalala nje, jangwani na fukweni. Kuanzia Mei hadi Septemba kuna sehemu mbili tu za kukimbilia, juu mlimani na kusini Salalah. Anayepanga kulala kwenye mchanga wa Sharqiya mwezi wa Juni hajashauriwa na mtu.

Kwa asiye na gari, miezi ya kaskazi ianzie Muttrah jioni. Tembea ukingo wa bahari kutoka sokoni hadi Riyam, ambako juu ya kilima wamejenga chetezo kikubwa kama jengo. Hulipi kitu. Siku nyingine panda basi la Mwasalat uende Nizwa, mwendo wa saa mbili hivi. Mnada wa mbuzi ni Ijumaa asubuhi: wauzaji wanazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamekaa katikati na wengine nje, bei zinapigwa kelele, na ikifika saa tatu mambo yamekwisha. Kwa hiyo inafaa ulale huko Alhamisi. Siku chache kabla ya Idi mnada huo unafurika, na mtu asiyenunua ni bora akae juu ya ukuta.

Safari ninayoisisitiza kwa msemaji wa Kiswahili ni ya Ibra na Sur, hata kama utazikosa nyingine zote. Ibra ina soko la Jumatano la wanawake, wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake: vitambaa, ubani, dawa za kienyeji, nguo za watoto. Mwanaume asubiri nje. Kina dada wakiingia wasishangae wakijibiwa kwa Kiswahili, kwa sababu huu ndio mkoa uliotoa watu wengi waliokwenda kwetu. Nyumba kubwa za udongo za Ibra na Al Mudhairib, nyingine zimekwisha kuanguka, zilijengwa kwa fedha za biashara ya Afrika Mashariki, na si karafuu na pembe tu: watumwa nao wamo kwenye fedha hizo. Ukiingia kwenye nyumba ya zamani Sur, inua kichwa uangalie dari. Boriti zile ni mikoko ya kwetu, ya Rufiji na Lamu, zilizoletwa na majahazi yaliyoshuka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, yakapanda kwa kusi yakiwa na mbao. Jahazi moja, Fatah al Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa nchi kavu ufukweni. Karibu nalo bado kuna karakana ya mafundi.

Njiani kati ya Quriyat na Sur kuna mabonde yenye maji ya kuogelea, Wadi Shab likiwa maarufu zaidi. Upande wa ndani kuna Wadi Bani Khalid, rahisi zaidi kwa wazee na watoto. Vaa nguo za heshima hata majini. Na mawingu yakionekana milimani, hata kama ulipo kuna jua kali, toka bondeni. Maji yanashuka kwa dakika chache kutoka kwenye mvua ambayo hukuiona, yanabeba magari, na anayevusha gari kwenye bonde lililojaa anaweza kufungwa. Wageni hufa kila mara kwa sababu ya kubisha jambo hili.

Joto likirudi, panda Jabal Akhdar. Uwanda wa Saiq uko karibu mita 2000 juu ya bahari, na usiku wa Julai utatafuta shuka. Polisi kwenye kizuizi cha Birkat al Mouz hawaruhusu gari lisilovutwa kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mnakodi la pamoja. Ukipenda waridi, nenda Aprili. Maua yanachumwa alfajiri na kuchemshwa kwenye majiko ya udongo, na marashi ya kienyeji yanatoka na rangi ya chai na harufu ya moshi. Bibi zetu waliokuwa wakinyunyiza marashi harusini wangeyatambua, ingawa mabinti wa leo wanapendelea yale maangavu ya kiwandani.

Salalah iwe ya mwisho kwa sababu ni mbali, karibu kilomita 1000, na kwa sababu ni ajabu. Upepo wa kusi ukishavuka ikweta hupinda na kufuata pwani ya Omani, na huko Dhofar, mkoa wa Salalah, unayasukuma maji ya juu ya bahari hadi maji baridi yanapanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi hiyo na kugonga milima inakuwa ukungu na manyunyu. Basi kuanzia 21 Juni hadi karibu 21 Septemba, Maskati ikiungua, Salalah ina nyuzi ishirini na kitu, milima ni kijani kibichi na ng'ombe na ngamia wanakula majani yanayofika magotini. Ukivuka tu mlima kuelekea Thumrait, jangwa na jua vimerudi palepale.

Mjini kuna mashamba ya minazi, migomba na mipapai, na vibanda vimepangana kando yake. Mtu wa Tanga atakunywa dafu akatazama huku na huku asijue yuko wapi. Uwanda wa Ittin usiku watu wanachoma nyama juu ya mawe yaliyopashwa moto, mbuzi na ngamia, mafuta yakitiririka na kuwaka. Agiza ya mbuzi kwanza. Soko la Haffa ndilo la ubani: ulio mweupe wenye kijani kidogo, unaoitwa hojari, ndio bora, na bei ya kwanza unayotajiwa si bei. Mughsail, ambako maji ya bahari yanaruka kupitia matundu ya mwamba, kaa nyuma ya uzio. Bahari ya kusi huko ni ile iliyokuwa ikizuia majahazi yasitoke bandarini, na watu wamezolewa na mawimbi wakipiga picha.

Familia za Ghuba nzima zinahamia huko Julai na Agosti, vyumba vinapanda bei mara mbili na zaidi, na barabara ya Ittin inakuwa foleni ya ukungu mtupu. Kwa maoni yangu mtu wa mshahara wa kawaida aende wiki ya mwisho ya Septemba. Ukungu umeondoka, majani bado mabichi, maporomoko ya Wadi Darbat bado yanatiririka kama mvua zilikuwa nzuri, na mwenye nyumba ya kupangisha yuko tayari kusikiliza. Mkienda kwa gari, msiendeshe usiku: kutoka Adam hadi Thumrait ni tambarare moja ndefu inayoleta usingizi, na ngamia hawana taa. Jazeni mafuta Haima hata kama tangi liko nusu. Wa basi watakaa kwenye kiti saa 12 hivi. Wachukue sweta, si kwa sababu ya Salalah; madereva wa mabasi hayo hawajui kupunguza kiyoyozi.